Je, mahindi yaliyoota ukungu ni antibayotiki ya bure kwa kuku?

Swali: Shikamoo daktari. Nafuga kuku chotara hapa Himo. Magunia matatu ya mahindi yangu yalinyeshewa kabla hayajakauka vizuri, sasa yameota ukungu, kwingine wa kijani, kwingine mweupe unaoelekea pinki. Shemeji yangu anasema penisilini ilitokana na ukungu, kwa hiyo nikiwasagia kuku nitakuwa nawapa antibayotiki bila kulipia, na hela ya OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya dukani) itabaki mfukoni. Kijana wa mashine naye anasema mahindi yakishakobolewa sumu inaondoka. Nani mkweli? Na kama hayafai kwa kuku, niyafanyie nini? – Mfugaji, Himo

Jibu: Marahaba, mama. Kabla ya yote, usiwape. Yatoe hayo magunia karibu na banda, yaweke mahali ambapo kuku hawafiki na mtoto hawezi kuchota ya kukaanga, ndipo tuzungumze. Swali lako siwezi kulijibu "hapana" nikaishia hapo, kwa sababu shemeji yako hajakurupuka. Ameshika nusu ya jambo la kweli kabisa.

Penisilini ilitoka kwenye ukungu. Septemba 1928, katika hospitali ya St Mary's jijini London, Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta kisahani alichooteshea bakteria kimevamiwa na ukungu, na bakteria waliokuwa karibu na ukungu huo wameyeyuka. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya kundi la Oxford, likiongozwa na Howard Florey na Ernst Chain, kuipata dawa yenyewe. Mei 25, 1940 waliwachoma panya 8 bakteria wa kuwaua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Kabla hakujapambazuka, wale walioachwa walikuwa wamekufa wote, na wenzao wako hai.

Lakini tazama walichofanya. Hawakumlisha panya ukungu. Waliuotesha kwenye mchuzi, wakautupa ukungu wenyewe, wakachuja na kusafisha kile kimiminika hatua kwa hatua mpaka wakabaki na unga kidogo sana. Ukungu wa Fleming ulikuwa ukitoa takriban uniti 2 za penisilini kwa kila mililita ya mchuzi. Sindano moja ya uniti milioni 1, ambayo kwa mtu mzima ni dozi ya kawaida tu, ingehitaji lita 500 za mchuzi huo, yaani mapipa mawili na nusu yale ya lita 200. Ndiyo maana polisi mmoja wa Oxford, Albert Alexander, aliyeanza kutibiwa Februari 1941, alipata nafuu ya kushangaza, dawa ikawaishia, wakawa wanaichuja upya kutoka kwenye mkojo wake, na mwezi uliofuata akafariki. Dunia ilipata penisilini ya kutosha baada ya Wamarekani wa Peoria, Illinois, kupata mwaka 1943 aina nyingine ya ukungu, kwenye tikiti lililooza, iliyozaa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo hata kama kwa bahati ya ajabu gunia lako lingekuwa limeota ukungu uleule wa Fleming, debe zima la mahindi hayo lisingemtibu kuku hata mmoja.

Na hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya jibu. Nzito ni hii: ukungu hautengenezi penisilini peke yake.

Kuvu haina tumbo. Inamwaga maji ya kumeng'enyea nje ya mwili wake, juu ya punje, kisha inafyonza kilicholainika. Chakula kilichoandaliwa hadharani namna hiyo kinawavutia viumbe vyote vya jirani, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kuvu huitia sumu sehemu ilipo ili wengine wasisogee. Sumu hizo ni nyingi na za kila aina. Kuvu haina habari na kuku wala binadamu. Kitakachoamua kama sumu fulani itaishia kuwa dawa dukani au ini lililooza ni kitu kimoja: inapiga wapi ndani ya seli.

Penisilini inapiga mahali pazuri sana kwetu. Bakteria ana ukuta unaozunguka seli yake. Penisilini inazuia kimeng'enya kinachouunganisha ukuta huo, bakteria akiendelea kukua anapasuka. Seli zako hazina ukuta wa namna hiyo, za kuku pia hazina, basi dawa inapita bila kukugusa (ukiacha wale wenye mzio nayo). Hata hivyo bahati ilichangia. Wale wa Oxford walitumia panya. Wangeanza na simbilisi huenda wangeitupa penisilini siku hiyohiyo, kwa sababu inaua bakteria wema wa tumbo la simbilisi, wabaya wanashika nafasi, mnyama anakufa. Ndiyo sababu mganga wa mifugo anayejua kazi yake hakupi penisilini ya kumnywesha sungura.

Baada ya mafanikio hayo, wanasayansi waliingia kila kona kutafuta ukungu mwingine unaoua bakteria. Walipata mwingi. Tatizo ni kwamba mara nyingi kilichoua bakteria kiliua na mgonjwa. Patulini, kwa mfano, inatolewa na ukungu wa bluu unaoozesha matufaha. Mwaka 1943 na 1944 Waingereza waliijaribu kwa zaidi ya watu 1,000 wenye mafua, wafanyakazi wa viwandani na maofisini, wakitarajia muujiza wa pili. Haikuponya mafua. Baadaye ikajulikana kwamba inawasha tumbo na kutapisha, na leo hakuna anayeiita dawa: ni uchafu unaopimwa kwenye juisi ya matufaha, na kikomo cha kimataifa ni mikrogramu 50 kwa kilo. Sitrinini, iliyopatikana mwaka 1931, nayo inaua bakteria wa aina nyingi, ila inaharibu figo; wakaiacha. Gliotoksini, ya miaka hiyohiyo ya 1930, inaua bakteria na kuvu wenzake, lakini inaua pia chembe nyeupe za damu, zilezile ambazo mgonjwa anazitegemea apone. Hiyo ikumbuke, nitairudia kwenye habari ya vifaranga.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinahusu mahindi, kwa hiyo nivumilie kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 wakulima maskini wa Italia ya kaskazini walikuwa wakila mahindi kutwa kucha na kuugua pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inaharibika. Wengi walidhani ukungu wa mahindi ndio chanzo. Daktari mmoja, Bartolomeo Gosio, akaotesha ukungu kutoka kwenye mahindi yaliyovunda na mwaka 1893 akatoa humo fuwele safi, kisha akaona zinazuia bakteria wa kimeta wasikue. Miaka 35 kabla ya Fleming! Kuhusu pelagra dhana ile haikuwa sahihi, kwani ugonjwa ule hutokana na upungufu wa vitamini, naiasini. Lakini fuwele zilikuwa kitu cha kweli. Mwaka 1913 Wamarekani wawili, Alsberg na Black, waliokuwa nao wakichunguza mahindi yaliyovunda, walizipata tena na kuzipa jina la asidi ya maikofenoliki. Katika utafiti huohuo walitoa pia asidi ya penisiliki, ambayo ukiachana na jina lake haina undugu na penisilini. Hiyo iliwaua wanyama wa maabara.

Asidi ya maikofenoliki haikuwa antibayotiki ya kufaa kwa sababu inazuia seli zisitengeneze malighafi ya vinasaba, na chembe za kinga ndizo zinazoumia kwanza. Ikalala kwenye makabati miaka mingi. Halafu upandikizaji wa figo ukaanza kuwa wa kawaida, na madaktari wakahitaji hasa kitu cha kuilegeza kinga ya mwili isiikatae figo ya mtu mwingine. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa iliyotokana nayo kwa kazi hiyo. Sumu ileile, kasoro ileile, na sasa kuna watu wanaoishi kwa sababu yake. Ila wanaishi kwa dozi inayopimwa kwa miligramu, wakipimwa damu mara kwa mara, wakionywa kwamba kinga yao imeshushwa na kwamba mjamzito hapaswi kuitumia. Kuku wako akiipata kwenye punje hapimwi na mtu.

Hata dukani Himo utapata dawa ya aina hii. Griseofulvini, vidonge ambavyo watoto wenye mapunye sugu huandikiwa, ilitolewa kwenye ukungu mwaka 1939. Inafanya kazi nzuri, inamezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na mjamzito haipewi.

OTC unayoinunua, lakini, haitokani na ukungu hata kidogo. Inatoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces rimosus, ambaye anaota nyuzinyuzi kama kuvu na kuwachanganya watu. Na kwa kuwa umeitaja, niseme hili hata kama hukuniuliza: kuwapa kuku wazima OTC kila wiki "kwa kinga" ni kuwafundisha bakteria kuizoea. Kinga ni chanjo na banda kavu. Hela hiyo unaweza kuibakiza mfukoni bila msaada wa ukungu wowote.

Sasa turudi kwenye magunia. Kwa macho siwezi kukuambia kuna sumu gani humo, wala wewe huwezi, wala shemeji. Ukungu unaonekana, sumu haionekani. Lakini rangi ulizozitaja zinatia shaka mahali panapoeleweka. Ukungu wa kijani unaoelekea njano kwenye mahindi mara nyingi ni Aspergillus flavus, mama wa aflatoksini. Ule mweupe wa pinki ni tabia ya Fusarium, na hiyo inatoa fumonisini. Zote mbili zinaingia kwenye kundi ambalo watu wa kilimo siku hizi wanaliita sumukuvu.

Aflatoksini yenyewe haina ukatili mkubwa mpaka ifike kwenye ini. Ini, likijitahidi kuivunja ili itolewe nje, linaigeuza kuwa kitu kikali kinachojibandika kwenye vinasaba. Ikiwa nyingi kwa mkupuo, ini linakufa. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, saratani ya ini, na hatari inapanda sana kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Ilijulikana kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 Uingereza ilipoteza zaidi ya bata mzinga 100,000 kwa ugonjwa usioeleweka, mpaka chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Hapa kwetu, mwaka 2016, watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara na 20 wakafariki, kwa mahindi yao wenyewe ya nyumbani. Manyara ni hapo jirani tu.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo. Gunia la kilo 100 likifika kikomo hicho lina miligramu 1 tu ya sumu ndani yake. Kidonge kimoja cha parasetamoli kina miligramu 500. Kwa hiyo mtu akikuambia "ukungu wenyewe ni kidogo tu", mwambie kipimo ndicho hicho.

Kwa kuku utaona nini? Kuku mkubwa anavumilia kuliko bata na bata mzinga, na uvumilivu huo ndio unaowadanganya wafugaji. Hafi leo. Anapunguza kutaga, hakui, upanga unapauka, na chanjo ya kideri au gumboro uliyomchanja haishiki sawasawa kwa kuwa kinga yake imeshuka. Kisha kideri kinapita, kinabeba nusu ya banda, na lawama inaangukia chanjo. Ukimpasua, ini ni kubwa, limepauka kuwa la njano, na linavunjika ukilibonyeza kwa kidole. Ukikuta vidonda vyenye utando wa njano pembeni ya mdomo, fikiria sumu nyingine ya Fusarium, inayoitwa T-2. Wakinywa maji kupita kiasi na maranda yakalowa, tazama figo: okratoksini inazivimbisha. Fumonisini kuku wanaimudu kiasi, lakini nguruwe mapafu yake yanajaa maji, na farasi au punda ubongo unalainika. Nakutajia hawa kwa sababu najua wazo linalofuata kichwani baada ya kuku kukataliwa: "basi nimpe nguruwe." Usimpe.

Na vifaranga, ile gliotoksini. Ukungu mwingine, Aspergillus fumigatus, unapenda maranda na majani yaliyolowa. Kifaranga akivuta vumbi lake, unaota ndani ya mapafu yenyewe, ukiwa na gliotoksini ya kuilemaza kinga. Utamwona anahema mdomo wazi, shingo juu, bila sauti ya mafua. Watu hukimbilia antibayotiki hapo, na haisaidii chochote kwa sababu aliyemo siyo bakteria. Hivyo hata kulihifadhi gunia bovu kwenye chumba cha vifaranga, limefungwa, ni kosa.

Kijana wa mashine naye ana lake la kweli. Kukoboa kunapunguza sana sumu kwenye kinachobaki, kwa sababu nyingi imo kwenye ganda na kiini. Lakini ganda na kiini vinakwenda wapi? Ndizo pumba, na pumba ndizo unazowalisha kuku. Yaani mashine inampunguzia mla ugali na kumwongezea kuku. Hili ningependa kila mfugaji wa Moshi alijue, maana tunanunua pumba bila kuuliza zimetoka kwenye mahindi ya nani. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia. Zikiwa za moto, zimeshikana mabonge, au zina harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, ziache hapohapo, hata kama bei ni nzuri.

Kupika hakutoshi. Aflatoksini inaanza kuvunjika ipasavyo ikipita nyuzi 200, na sufuria ya ugali inaishia karibu na 100. Kukaanga kunapunguza kiasi, hakumalizi. Kuanika ukungu ukakauka na kupeperuka kunaondoa ukungu, siyo sumu iliyokwisha kuingia. Wapo watakaokushauri udongo wa kufyonza sumu unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ule wa bentonaiti unaishika aflatoksini vizuri, ila fumonisini na nyingine hauzishiki hivyo, na haukutengenezwa kuokoa gunia lililooza.

Nikija kwenye ushauri wenyewe: fungua magunia nje, ukiwa umefunga pua na mdomo, upepo ukuelekee mgongoni. Kama ukungu umeenea gunia zima, hakuna cha kuchambua. Kama umeshika upande ulionyeshewa peke yake, toa sehemu hiyo yote na kiasi cha jirani yake, kisha chambua punje kwa punje zilizobaki: zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zote nje. Hata baada ya hapo, mimi nisingewapa vifaranga wala kuku wanaotaga bila kupima. Ukikuta kuku wamekwisha kufa, Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Arusha. Peleka aliyekufa leo, akiwa kwenye barafu, pamoja na sampuli ya chakula alichokula.

Kwa mavuno yajayo, kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza mahindi mpaka theluthi, weka vijiko viwili vya chumvi uliyoianika ikakauka, funga, tikisa kwa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayajawa tayari kuingia ghalani. Isiponata, anika siku moja zaidi juu ya turubai ndipo uhifadhi, kwani lengo ni asilimia 13.5 au chini yake. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini ukifungia humo mahindi mabichi umeufungia unyevu ndani pamoja nayo.

Kuhusu mayai, kama walikwisha kula kidogo kabla hujaniandikia, sumu inayofika kwenye yai ni ndogo sana. Badilisha chakula leo na uendelee. Maziwa ni habari nyingine: ng'ombe hupitisha takriban asilimia 1 hadi 6 ya aflatoksini aliyokula, kwa hiyo gunia hili lisimfikie hata ng'ombe wa jirani. Na akija mtu wa pombe kuyanunua kwa bei ya kutupa, mkatalie, kwa sababu kuchachusha hakuiondoi. Mbege yetu ni ndizi na ulezi, haihitaji mahindi yako.

Yaliyoharibika chimba shimo mbali na kisima, la kina cha goti au zaidi, mwaga humo, weka majivu juu, fukia na ushindilie. Kuku anachakura juujuu tu, lakini mbwa anafukua, na aflatoksini inamuua mbwa kwa urahisi kuliko inavyomuua kuku.